Ndege wa alfajiri Ikonge: Namna ya kuwatazama na kuwapiga picha bila kuwasumbua

KABLA jua halijachomoza, ukungu huwa ungali umelalia majani chai ya Ikonge, vibanda vya soko vingali vimefungwa, na sauti pekee ya binadamu ni ya bodaboda mmoja mmoja kwenye barabara itokayo Chebilat kuelekea Chabera. Kwa aliyetoka nyumbani na darubini shingoni na kamera begani, hakuna saa nyingine ya siku inayoweza kulinganishwa na hiyo. Atakayechelewa hadi saa tatu atawakuta ndege wamekwisha kuimba na kula, na wengi wao wamekwisha kujitia vivulini.

Ikonge ni kituo cha biashara katika kaunti ya Nyamira, nyanda za juu ambazo kimo chake ni kati ya mita 1,250 na mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Hapa hakuna mbuga ya wanyama, wala msitu mkubwa mfano wa Kakamega, wala ziwa lililojaa heroe kama Bogoria. Kuna majani chai, migomba, mahindi, nyasi za nepia za kulisha ng'ombe wa maziwa, mistari ya mikaratusi, na mabonde membamba yenye vijito ambavyo maji yake huishia katika Ziwa Victoria. Watu ni wengi na mashamba ni madogo. Mgeni akiambiwa kwamba kuna ndege wa kutazamwa mahali kama hapa, aghalabu hucheka. Hata mwenyeji hucheka, kwa kuwa kwake yeye enyoni, kama ndege anavyoitwa kwa Ekegusii, ni kiumbe cha kufukuzwa mtamani na mawimbini.

Kicheko hicho kinatokana na kudhani kwamba kutazama ndege ni kuwinda majina adimu. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na wapo watu wanaozunguka nchi nzima wakiyatia alama majina hayo kitabuni, moja baada ya jingine. Hakuna ubaya katika hilo. Hata hivyo, jina ni mlango tu. Ndege huyohuyo wa kawaida, aliyeonekana mara elfu moja juu ya paa la mabati, ana mambo anayoyafanya ambayo wengi wetu hatujawahi kuyaona kwa sababu hatujawahi kusimama dakika 20 mahali pamoja. Na katika nchi ya mashamba kama Ikonge, ambako ndege wanalazimika kuishi miguuni mwa watu, mwenendo ndio unaotangulia kubadilika kabla ndege wenyewe hawajatoweka.

Tuanze na sauti, kwa kuwa gizani hakuna kingine. Shore, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manyoya ya manjano chini ya mkia, huwa miongoni mwa wa kwanza kufungua kinywa. Ndege huimba alfajiri kwa sababu kadhaa zinazokubaliana. Mwanga haujatosha kuona wadudu na mbegu, hivyo muda huo hauna matumizi mengine. Hewa imetulia, na wimbo unafika mbali. Zaidi ya hayo, dume aliyemaliza usiku wa baridi akiwa hai na mwenye nguvu za kuimba anawatangazia majirani kwamba eneo lake halijabaki wazi. Anayetaka kujifunza na asimame, afumbe macho, ahesabu sauti zinazojibizana. Kuna ndege ambao dume na jike huimba kwa kupokezana upesi kiasi kwamba sikio hudhani ni mmoja.

Kisha hupita kwarara. Hawa hawahitaji kutafutwa. Hutoka kwenye miti walikolala wakiwa wawili au kikundi, wakipiga kelele ambazo humwamsha hata aliyenuia kulala. Wakishatua malishoni hunyamaza, na hapo ndipo pa kuwatazama. Kwarara hutembea polepole akichoma ardhi kwa mdomo wake mrefu uliopinda, mara hapa, mara pale, kama mtu anayetafuta sarafu mchangani. Uchunguzi umeonyesha kwamba ndani ya ncha ya mdomo huo mna vishimo vidogo vyenye mishipa ya fahamu, ambavyo humwezesha kuhisi mtikisiko wa mnyoo au buu asiyemwona kwa macho. Picha nzuri ya kwarara basi si ile ya ndege aliyesimama wima. Ni ya sekunde ile mdomo unapozama hadi karibu na macho na ndege anasita ghafla. Amehisi kitu.

Jua linapoanza kugusa vilele vya miti, elekeza macho kwenye mipera na mipapai. Kuzumburu, ambaye vitabu vingine humwita pasa, ni ndege wa kijivu mwenye kishungi na mkia mrefu kupita kiasi. Usiku hulala wameshikana kama ndizi katika kichane, na kukiwa na baridi kali au njaa huacha joto la miili yao lishuke ili wasitumie nguvu nyingi. Kwa hiyo asubuhi huwa wazito. Hujining'iniza kwenye matawi yanayoelekea mashariki, miguu ikiwa sambamba na mabega, wakalianika tumbo juani. Chakula chao ni matunda, majani na machipukizi, vitu vinavyosagika polepole tumboni, na inaaminika joto hilo huwasaidia kuvisaga. Mkulima huwaona wezi wa mapapai, na hakosei. Lakini katika asubuhi ya ukungu ya Nyamira, mstari wa kuzumburu sita waliofunua matumbo kuelekea jua ni mandhari yasiyochosha, na kwa kuwa hawaondoki upesi, ndio walimu wazuri wa mpigapicha anayeanza.

Hapa yafaa tuseme machache kuhusu vyombo. Darubini ya macho mawili inayokuza mara nane inatosha kabisa. Inayokuza zaidi hutikisika mkononi na huonyesha eneo dogo, hivyo ndege mdogo hukupotea kabla hujamwona. Kamera yenye lenzi ya milimita 300 au 400 ndiyo wengi huitumia, na bei yake si ya mzaha. Asiye nayo anaweza kuiweka simu kwenye tundu la darubini na kupata picha ya kuweka kumbukumbu, ijapokuwa haitapamba ukuta. Kosa la wengi ni kutumia kasi ndogo. Ndege anayerukaruka tawini huhitaji shata, yaani kile kilango kinachopitisha mwanga, ifunguke na kufungwa katika 1/500 ya sekunde, na anayeruka angani 1/1,000 au chini ya hapo. Alfajiri mwanga ni haba, kwa hiyo utalazimika kupandisha kipimo cha ISO na kukubali chengachenga kidogo. Picha yenye chengachenga lakini yenye jicho lililo wazi ni bora kuliko picha laini ya ndege aliyefifia. Jicho ndilo la kulengwa daima. Weka jua mgongoni mwako, na usitumie taa ya kamera usiku au katika mwanga hafifu, hasa kwa bundi.

Katika miti iliyo karibu na nyumba, mara nyingi huwako kijiji cha kwera. Wageni huvutiwa na viota vyenyewe, vile vikapu vinavyoning'inia, wakapiga picha wakaondoka. Anayekaa nusu saa huona kesi nzima. Dume la manjano lenye kichwa cheusi huchana ukanda wa jani la mgomba au la nyasi, huusuka kuwa pete, na kutoka kwenye pete hiyo hujenga chumba na mlango. Akimaliza hujining'iniza chini ya mlango kichwa kikielekea chini, akitikisa mabawa ili manjano yake yamemete. Jike hufika, huingia, huvutavuta nyuzi kwa mdomo kama mama anayekagua kitambaa sokoni, kisha hukubali au huenda zake. Kiota kilichokataliwa hadi kikakauka na kubadilika rangi hakina tena soko. Dume mwenyewe hukibomoa na kuanza upya palepale. Kukubaliwa nako hakumalizi kesi. Wako kekeo wanaotaga mayai yao katika viota vya kwera ili walelewe makinda bila jasho, na kwera wa kike kwa upande wao hutaga mayai ya rangi na madoa yanayotofautiana baina ya jike na jike, hivyo kila mmoja hutambua lisilo lake na kulitupa. Katika mti mmoja uani, basi, mna ujenzi, uchumba, udanganyifu na upelelezi.

Mbwigu ni mkatili zaidi. Ni ndege mweusi kwa mweupe, mdomo wake una ndoana, na hupenda kusimama peke yake juu ya nguzo ya ua. Anaposhika panzi au mjusi mkubwa kuliko anavyoweza kummeza, humchoma kwenye mwiba na kumchana vipande. Mahali palipowekwa seng'enge huitumia seng'enge. Ukikuta panzi amekauka kwenye nundu ya waya wa ua, usimlaumu mtoto. Subiri mwenyewe arudi. Tai ushungi naye, yule mweusi mwenye manyoya marefu yanayopepea kisogoni, hutumia nguzo za stima na mikaratusi mirefu kama mnara wa ulinzi. Chakula chake kikuu ni panya na wanyama wadogo wa jamii hiyo. Wapo wakulima wanaomtupia mawe wakimdhania mwewe mla vifaranga, ilhali ndiye anayewapunguzia hasara ghalani.

Chozi nitawapitia kwa haraka, si kwa kuwa hawana maana, bali kwa kuwa kila mwenye kamera huanza nao na wengi hawaendi mbele. Tafuta omotembe, mti wenye maua mekundu kama makaa. Simama umbali wa hatua kumi kutoka ua moja lililochanua vizuri, lenga kamera hapo, na umngoje ndege aje kwako. Anayemfukuza chozi kutoka ua hadi ua hurudi nyumbani na picha za mikia.

Kungoja ndiyo siri ya kazi hii tangu ianze. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, ambao picha yao ya mwaka 1892 ya kiota chenye mayai hutajwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa, walifikia hatua ya kutengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi halisi. Mpigapicha aliingia tumboni mwa ng'ombe huyo na kamera yake, akakaa humo saa nzima akivumilia joto. Cherry baadaye alifika Afrika Mashariki, na mwaka 1909 alikuwa huku akinasa picha za safari ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani. Nawataja kwa sababu mkazi wa Ikonge hahitaji ng'ombe wa ngozi. Anao wa kweli. Yangeyange, wale weupe wanaofuata mifugo ili wale wadudu wanaoshtuliwa na kwato, humruhusu mchungaji asogee karibu sana, ilhali humkimbia mgeni anayenyata. Ndege hupima hatari kwa mazoea. Mchuma chai aliyeinama na kikapu mgongoni si hatari. Mtu anayesimama ghafla, akainua kitu cheusi chenye jicho moja na kukielekeza kwao, ni hatari. Anayetembea kwa mwendo wa kawaida wa mwenyeji, kwa kupita kando badala ya kuelekea moja kwa moja, hupata hatua kadhaa zaidi.

Watu nao hupima kwa mazoea. Mashamba ya Gusii yanapakana ua kwa ua, na mtu asiyejulikana anayezunguka gizani akichungulia migomba kwa darubini anaweza kudhaniwa mwizi, au mpimaji ardhi aliyetumwa na watu wanaogombania shamba. Mimi mwenyewe nimewahi kuulizwa ni nani aliyeuza. Dawa yake ni salamu. Fika jioni iliyotangulia, jieleze kwa mzee wa mtaa, omba ruhusa ya kupita mashambani, na asubuhi usimpite mtu bila kumwambia “Bwakire”. Mwonyeshe picha kwenye kioo cha kamera. Bibi mmoja aliyekuwa akichuma chai karibu na njia, mwenye umri wa kuitwa magokoro na kila mtu pale, aliniuliza ni kwa nini nimpige picha kwarara aliyejaa matope wakati yeye ana jogoo safi. Nilipiga picha ya jogoo pia. Baada ya hapo alinieleza mambo ambayo hayamo katika kitabu changu chochote: mabonde ambayo ndege wakubwa wenye taji walikuwa wakitua kila msimu alipokuwa msichana, na yale ambayo hawatui tena.

Ndege hao wenye taji ndio sababu ya kuushuka mlima badala ya kubaki kwenye majani chai. Kabla ya kufika kwao, niruhusiwe lalamiko la kikazi. Katika chumba kimoja cha habari nilichowahi kufanya kazi, kila ndege mrefu mwenye miguu myembamba aliandikwa “korongo” chini ya picha: yangeyange aliitwa korongo, kongoti aliitwa korongo, hata heroe mmoja mchanga ambaye hajapata rangi yake aliitwa hivyo. Nilisahihisha, na kesho yake akarudi korongo mwingine. Kosa si la waandishi peke yao. Jina hilo limetumika Kiswahilini kwa jamii mbili tofauti za ndege kwa muda mrefu. Hata hivyo, maelezo ya picha yasiyo sahihi huiharibu picha kuliko mwanga mbaya, kwa kuwa picha isiyo na jina, tarehe na mahali ni pambo tu.

Chini bondeni, kando ya kijito, huyu hapa fundichuma: kahawia mwili mzima, kisogo kilichochongoka nyuma kama nyundo. Hukoroga matope kwa mguu mmoja, akatulia, akanyakua chura au kiluwiluwi. Kiota chake hujengwa kwa maelfu ya vijiti, matope na takataka zozote, huweza kuzidi mita moja kwa upana, na paa lake ni imara kiasi cha kuhimili uzito wa mtu mzima. Wakikusanyika kadhaa huwa na kawaida ya kupandiana migongoni, dume juu ya jike, jike juu ya dume, bila lengo la uzazi. Wanasayansi hulihesabu jambo hilo kuwa la kijamii. Katika sehemu nyingi za Afrika anahusishwa na uchawi na mikosi, imani ambayo angalau imemsaidia, kwa kuwa watu huogopa kukigusa kiota chake.

Korongo mwenye taji hakupewa ulinzi wa aina hiyo. Uzuri wake umemponza. Ana kimo cha takriban mita moja, taji la manyoya ya dhahabu kichwani, mashavu meupe na kifuko chekundu kooni. Ndiye aliyemo katika bendera ya Uganda. Dume na jike huishi pamoja miaka na miaka. Wakiwa malishoni hupigapiga ardhi kwa miguu ili kuwashtua wadudu, kisha huwaokota. Wakicheza, huinamisha vichwa, hufungua mabawa, huruka juu miguu ikining'inia, na mara nyingine hurusha hewani kipande cha jani. Si uchumba tu. Hata wachanga ambao bado hawajapata wenza hucheza, na mmoja akianza wengine hufuata. Tofauti na jamaa zake wengi wa ng'ambo, huyu ana kidole kirefu cha nyuma kinachomwezesha kulala mitini. Lakini kuzaa hawezi mtini. Lazima apate kinamasi chenye mafunjo au nyasi ndefu, akazikanyaga na kulaza jukwaa katikati ya maji, ataje hapo mayai mawili au matatu na kuyaatamia takriban mwezi mmoja.

Kinamasi hicho ndicho kinachokosekana. Mabonde ya Nyamira na Kisii yamechimbwa mifereji ili yalimwe mboga, yamechimbwa udongo wa matofali, na yamepandwa mikaratusi, mti unaokunywa maji kwa wingi. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kandokando ya mito na chemchemi ing'olewe. Atakayetembea bondeni leo ataiona ingali imesimama mahali pengi. Simlaumu aliyeipanda. Mkaratusi ni karo ya shule inayokua bila palizi, na mwenye robo ekari hana ardhi ya kuwatengea ndege. Ila hesabu ni lazima isemwe: mwaka 2012 korongo huyu aliingizwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, kwa sababu ya kukaushwa kwa vinamasi, kunaswa ili auzwe, sumu za mashambani na nyaya za umeme. Katika Kenya, sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kufuga mnyama wa porini bila kibali, hivyo kinda lililookotwa bondeni halipaswi kuishia uani kwa mtu hata kama nia ni njema.

Kwa mpigapicha, kiota cha korongo ni jaribu kubwa. Anayeatamia hulala chini, shingo imenyooshwa, akijifanya sehemu ya nyasi. Ukimsogelea hadi akasimama, umekwisha kuwaonyesha kunguru na mbwa mahali mayai yalipo, na njia uliyoikanyaga kwenye mafunjo itabaki wazi baada yako kwa watoto wenye udadisi. Kanuni zake ni chache na hazina mjadala. Usikate tawi wala nyasi ili upate upenyo. Usicheze sauti ya ndege iliyorekodiwa ili kumvuta dume kutoka kiotani. Ndege akiacha alichokuwa akifanya na kukutazama wewe, umefika karibu mno. Rudi nyuma hadi aendelee na shughuli zake. Picha ya kiota chenye mayai isitangazwe pamoja na jina la bonde, na mahali pa kupigia pafutwe kwenye taarifa zinazohifadhiwa na simu.

Baada ya kamera, daftari. Andika tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, hali ya hewa, aina ulizoziona, na mbele ya kila aina neno au mawili kuhusu alichokuwa akifanya: anabeba kijiti, analisha, anafukuza. Mwezi wa Oktoba hadi Aprili ongeza wageni kutoka Ulaya na Asia, hasa mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyojenga elimu tuliyo nayo. Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika Mashariki kiliasisiwa mwaka 1909, na tangu 1971 kimekuwa na matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi jijini Nairobi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno na kuongozwa naye kwa miongo mingi. Wengi wa watafiti na waongoza watalii mashuhuri wa Kenya walipitia matembezi hayo. Atlasi ya kwanza ya ndege wa Kenya, iliyotungwa na Adrian Lewis na Derek Pomeroy, ilitoka mwaka 1989, na iliigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 55 kila upande. Mraba wa ukubwa huo unaweza kumeza sehemu kubwa ya Gusii pamoja na majirani zake, na ndege wa Ikonge wakachanganywa na wa nchi nyingine kabisa.

Ramani ya sasa ya ndege wa Kenya, inayoendeshwa kwa ushirikiano wa Makavazi ya Kitaifa na mashirika ya uhifadhi, hutumia miraba ya kilomita tisa hivi kila upande, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuijazia. Masharti ni kutembea saa mbili au zaidi ndani ya mraba mmoja, kuandika kila aina kwa mpangilio wa kuonekana kwake, na kutoandika usichokuwa na hakika nacho. Saa mbili ni mwendo wa kutoka soko la Ikonge hadi bondeni na kurudi, ukisimama njiani kwa kuzumburu na kwera. Mraba uliojazwa kila mwezi kwa miaka mitano hueleza jambo ambalo picha moja, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kulieleza: ni lini mara ya mwisho korongo walicheza bonde hili, na ni lini waliacha kuatamia ingawa waliendelea kupita.

Daftari langu la matembezi ya mwisho kule lina ukurasa mmoja wa bondeni. Korongo wenye taji wawili, saa moja na dakika 20. Mmoja anakula ukingoni mwa shamba la mboga. Wa pili yumo ndani ya mafunjo, amelala, shingo chini, hakusimama muda wote wa dakika 35. Mkaratusi uliokatwa karibu na maji, kisiki kimechipua. Hakuna picha.